Je, Wajua? Jino Lililochongwa Lina Maelfu ya Vitundu

Jino likichongwa ili livishwe kofia, enameli huondoka na dentini, tabaka lililo chini yake, hubaki wazi. Karibu na enameli, milimita mraba moja ya dentini ina vitundu kama 20,000. Karibu na kiini, penye neva na mishipa ya damu, vinazidi 40,000. Vyote vina majimaji. Ndiyo maana mtu anayesubiri kofia yake hushtuka akinywa kahawa chungu Mji wa Kale, Mombasa, au dafu baridi kule ufukweni Mama Ngina: majimaji husogea ghafla, neva ikahisi. Bakteria nao hupenya humo humo.

Tangu miaka ya 1990 watafiti, akiwemo David Pashley wa Marekani, wamehimiza dentini izibwe siku ile ile ya kuchongwa, kabla jino halijachukuliwa kipimo. Hupakwa gundi maalumu, kisha hugandishwa kwa mwanga wa buluu. Dentini mbichi, ambayo haijaguswa na mate wala saruji ya muda, hushika gundi barabara. Kwangu, hatua hii haifai kurukwa: kiini kikifa, hubaki kutibiwa mzizi au kung'olewa jino. Muulize daktari wako kuihusu kabla hajakudunga sindano ya ganzi.