Androjeni kwa Mwanamke Aliyekoma Hedhi

Androjeni, kundi la homoni ambalo testosteroni ndiyo mashuhuri zaidi, hazitengenezwi na mwili wa mwanamume pekee, kwani ovari nazo hutoa testosteroni, tezi za adrenali zilizo juu ya figo hutoa malighafi yake, na sehemu ya homoni hiyo hugeuzwa kuwa estrojeni.

Hedhi inapokoma, jambo linalothibitishwa baada ya miezi 12 mfululizo bila kuiona, estrojeni hushuka sana, ilhali testosteroni haiporomoki pamoja nayo, kwa kuwa huwa imekuwa ikipungua polepole tangu ujanani na ovari huendelea kuitoa. Aliyeondolewa ovari zote mbili yuko katika hali nyingine kabisa, maana testosteroni yake huweza kupungua kwa takribani nusu mara moja. Kwa hiyo mkazi wa Kwa Vonza, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, aliyepasuliwa kwa sababu ya uvimbe wa kizazi, iwe Kitui mjini au Machakos, anafaa kujua kama alitolewa mfuko wa uzazi peke yake au pamoja na ovari, swali lililo rahisi kusahaulika katika siku za maumivu.

Tiba ya kawaida ya joto la ghafla na jasho la usiku ni estrojeni, inayoambatanishwa na homoni jamii ya projesteroni kwa mwenye mfuko wa uzazi ili kuukinga na saratani. Kuhusu androjeni, tamko la pamoja la vyama vya kitabibu vya kimataifa la mwaka 2019 lilikubali sababu moja tu: kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa kunakomsumbua mwanamke mwenyewe (wala si mumewe), baada ya ukavu wa uke, sonona, dawa nyingine na mivutano ya nyumbani kuchunguzwa. Uchambuzi wa majaribio 36 ya testosteroni yenye washiriki 8,480, uliochapishwa mwaka huohuo, ulionyesha kwamba hamu huongezeka, lakini haukuona faida kwa mifupa, misuli wala uwezo wa kufikiri.

Dawa ya testosteroni hupakwa ngozini, kwa kuwa vidonge hupandisha kolesteroli mbaya. Australia iliidhinisha krimu ya wanawake mwaka 2020. Jeli ya wanaume ina dozi kubwa mno, na ikizidi huleta chunusi, ndevu na sauti nzito inayoweza kubaki hivyo daima. Kipimo cha damu hakimtambui anayehitaji tiba, bali humwonyesha daktari kama dozi imezidi, na miezi 6 ikipita bila nafuu, dawa huachwa.