Kushuka Mlima kwa Baisikeli: Pima Breki Kabla Hujalipa

Wikendi yoyote, pita karibu na lango la msitu wa Karura au la Hell's Gate kule Naivasha. Utaona vijana, akina mama na hata wazee juu ya baisikeli za kukodi. Wengi wanaridhika na njia tambarare. Lakini kuna yule ambaye siku moja anamwona mwenzake akiteremka njia ya mawe, vumbi likitimka nyuma yake, na anasema: hata mimi nataka. Kama ni wewe, karibu. Tutaongea kuhusu mlima na kuhusu pesa pamoja, maana siku hiyo vyote viwili vitakuwa mkononi mwa mtu uliyekutana naye dakika tano zilizopita.

Usinunue baisikeli bado. Ya kuteremka milima, yenye shoki mbele na nyuma, ni ghali, na hujui kama utaupenda mchezo wenyewe. Kodi. Jaribu mara tatu au nne, kisha uanze kuweka akiba ukitaka.

Mchezo huu ulianzia kwenye breki. Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax huko California, Marekani, waendesha baisikeli wachache walianza kushindana kuteremka barabara ya vumbi mlimani wakitumia baisikeli kuukuu. Breki zilikuwa zile za kukanyaga pedali kinyumenyume, zilizofichwa ndani ya gurudumu la nyuma. Mteremko ulikuwa mkali hadi grisi ya ndani ikaungua na kutoa moshi, na baada ya kushuka ilibidi gurudumu lifunguliwe na kutiwa grisi upya. Ndiyo sababu shindano likapewa jina Repack. Mwaka 1990 mashindano ya dunia ya baisikeli za milimani, pamoja na ya kuteremka, yalifanyika Durango, Colorado. Baisikeli za leo zina breki za diski, lakini swali la mtu anayeanza ni lilelile la Fairfax: nikitaka kusimama, nitasimama?

Basi pima. Ukiwa umesimama kando ya baisikeli, bana breki ya mbele na uisukume kwenda mbele. Gurudumu lisizunguke, na la nyuma litake kuinuka. Bana ya nyuma, sukuma tena. Tairi ikwaruze chini bila kuzunguka. Mkono wa breki ukigusa usukani, kataa hiyo baisikeli. Kisha uliza mkono gani ni wa breki ya mbele. Huku kwetu, kama Uingereza, mara nyingi ni wa kulia, lakini baisikeli nyingi za mitumba zilitengenezwa kwa soko la Marekani au bara la Ulaya, ambako ni wa kushoto. Mtu akibana kwa nguvu mkono asioujua akiwa kwenye mteremko, anaruka juu ya usukani.

Hapa ndipo pesa inaingia. Wakodishaji wengine hutaka ulipe yote kabla hujagusa baisikeli. Mwambie kwa upole: "Boss, nizunguke nayo hapa kidogo, ikiwa poa nakutumia." Anayejua baisikeli zake ziko sawa huwa hana shida na hilo. Akikataa kabisa, mimi ningeenda kwa jirani yake, hata kama bei yake iko juu kwa shilingi mia.

Ukishatosheka, lipa kwa namba ya Till ya biashara ikiwa anayo. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama umeambiwa ni biashara ya baisikeli na jina linakuja la mtu mwingine kabisa, simama uulize. Pengine ni namba ya dada yake, pengine umekosea tarakimu moja. Ukiwa umeshatuma kwa namba isiyo yake, omba pesa irudishwe hapohapo, kabla aliyeipokea hajaitoa. Kama kuna pesa ya dhamana, mwandikie SMS fupi: kiasi gani, itarudi lini, na nini kitafanya ikatwe. Mikwaruzo ya zamani ipige picha mbele yake.

Kiingilio cha Hell's Gate hulipwa kupitia eCitizen. Lipa mapema ukiwa nyumbani, na usimpe mtu wa langoni pesa "akulipie kwa bei ya chini." Na tangazo la mtandaoni la baisikeli safi kwa bei ya kutupa, mradi utume kitu kidogo "ishikiliwe"? Acha. Nenda uione, uipande, ndipo ulipe.

Sasa twende mlimani. Teremsha kiti, kisikusukume. Usikae, simama juu ya pedali zikiwa sawa, moja mbele moja nyuma, ili isiwepo ya chini ya kugonga mawe. Magoti na viwiko vilegee, makalio yarudi nyuma kidogo, uzito uwe miguuni. Mikono iwe myepesi. Tazama mbele, mita kumi au zaidi, pale unapotaka kupita. Ukilikodolea macho jiwe, utaligonga. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, maana kubana breki ya mbele ndani ya kona kwenye changarawe ni kulala chini. Tumia zote mbili polepole, na kidole kimoja au viwili tu, vingine vishike usukani.

Anza na mteremko unaoona mwisho wake. Ngong ni kuzuri, ila upepo wa kule juu unaweza kukuyumbisha, na ng'ombe hawana habari na wewe. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu huwa kama sabuni, ahirisha tu. Helmeti nayo isiwe na ufa. Iliyowahi kugonga chini imeshamaliza kazi yake hata ikionekana nzima, ndiyo maana sipendi za mitumba.

Simu yako ndiyo pochi yako, kwa hiyo isikae mfuko wa nyuma wa suruali. Ifunge ndani ya begi, ikiwa na chaji, na uwe na noti chache za boda kama utateremkia bonde lisilo na netiwaki. Mwambie mtu wa nyumbani unashukia wapi na unategemea kufika saa ngapi.

Ukirudisha baisikeli, usiondoke kwa sababu umeonyeshwa SMS ya "nimekutumia" kwenye simu ya mwenye baisikeli. Angalia salio lako mwenyewe, ukiona dhamana imeingia, chukua kitambulisho chako kama ulikiacha, na uulize kama Jumamosi ijayo hiyo ya breki nzuri itakuwepo.