Njia ya miguu inayokatiza kwa Waziri Mkuu

Barabara ya kuingilia Chequers, nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu wa Uingereza, ina kamera na mabango ya onyo, kama utakavyotarajia. Ambacho hutarajii ni njia ya miguu ya wananchi inayoikata barabara hiyo. Mtembeaji anatoka malishoni, anafungua geti dogo, anavuka akiwa na matope hadi kwenye vifundo, anafungua geti la upande wa pili na kuendelea na safari. Hasaini kitabu cha wageni, wala haulizwi anakwenda kwa nani. Sharti ni moja tu: asiiache njia. Akichepuka kuelekea nyumbani kwa mkubwa, ametenda kosa la jinai.

Njia hiyo ni Ridgeway, mojawapo ya njia za kitaifa za Uingereza, yenye urefu wa kilomita zipatazo 140 kutoka Overton Hill, Wiltshire, hadi Ivinghoe Beacon. Ndefu mno kwa siku moja. Ninachokipendekeza ni kipande chake kilicho kwenye milima ya Chiltern, kaskazini-magharibi mwa London, kutoka mji mdogo wa Wendover hadi Princes Risborough. Ni kilomita kumi na kidogo, na miji yote miwili ina stesheni ya treni zinazotoka Marylebone. Asubuhi unashukia huku, jioni unapandia kule, gari halihitajiki. Na hayo maneno "milima ya Chiltern" tuyapokee kwa adabu tu: Coombe Hill, ambacho ni miongoni mwa vilima virefu vya hapo, kina mita 260. Mtu wa Lushoto atauliza mlima wenyewe uko wapi.

Kutoka stesheni ya Wendover unapanda Bacombe Hill taratibu, kwenye majani mafupi yaliyoliwa na kondoo, na kabla jasho halijakutoka sawasawa umefika Coombe Hill. Pana mnara uliojengwa mwaka 1904 kuwakumbuka wanaume wa Buckinghamshire waliokufa katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Chini yake bonde la Aylesbury limetandazwa lote: mashamba, minara ya makanisa, na makovu meupe ya ujenzi wa reli ya kasi ya HS2, ambayo imetobolewa handaki la kilomita 16 chini ya milima hii hii.

Makovu ni meupe kwa sababu ardhi yenyewe ni nyeupe. Chiltern ni chaki tupu. Zama za dinosaria sehemu hii ilikuwa bahari, na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho vilikuwa vikifa na magamba yao kuzama, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo chaki hii ni ndugu wa mbali wa mawe ya matumbawe ambayo Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa nayo. Yote ni chokaa iliyotengenezwa na viumbe wa baharini. Na kama ilivyo kwenye ardhi ya matumbawe, maji hayakai juu. Mvua inanyesha, inazama, mabonde mengi yanabaki makavu bila mto, kisha maji hayo hayo yanaibuka chini kabisa kama chemchemi, yakiwa baridi na maangavu. Hii pia ndiyo siri ya vilima hivi kuwa na migongo laini: chaki ni mwamba mwororo, umelika ukabaki mviringo. Kitu kigumu pekee ndani yake ni gumegume, na utayakanyaga mawe hayo njia nzima, meusi ndani, yenye ganda jeupe.

Baada ya Coombe Hill unaingia msituni. Mti unaotawala hapa ni biichi, mrefu, gome lake laini la kijivu, matawi yakianzia juu sana. Wakati wa kiangazi majani yake yanaziba jua kiasi kwamba chini hakuoti magugu, ndiyo maana kutembea ndani yake ni rahisi. Nenda mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, kabla majani hayajafunga, na sehemu nyingine utakuta sakafu yote ni maua ya buluu. Oktoba na Novemba msitu unageuka rangi ya shaba. Watu wanasifu zaidi maua. Mimi nachagua shaba.

Msitu huu haukuachwa tu ukaota. Kwa vizazi vingi mafundi walikuwa wakiweka vibanda humu ndani, wakikata biichi mbichi na kuchonga miguu ya viti kwa mashine ya kukanyaga, iliyozungushwa kwa kamba na ufito unaonesa. Miguu hiyo ikipelekwa mji wa High Wycombe, ambako viwanda viliiunganisha kuwa viti. Mashabiki wa mpira watakuwa wamewahi kuisikia Wycombe Wanderers bila kujua kwa nini jina lake la utani linahusu viti. Sababu ndiyo hiyo.

Ukitoka tena mwangani, tazama juu. Mwewe mwekundu ana mkia uliogawanyika na huelea bila kupiga mbawa. Alikuwa ametoweka kabisa England, akipigwa risasi na kutegewa sumu kwa kudhaniwa mwizi wa kuku na wanyama wadogo. Kati ya mwaka 1989 na 1994 waliletwa wapatao 90 kutoka Hispania wakaachiwa hapa Chiltern, na leo huwezi kumaliza safari bila kuwaona. Chakula chao kikubwa ni mizoga. Lakini wapo wenyeji waliozoea kuwatupia nyama, na mwewe aliyezoeshwa hivyo anaweza kuushukia mkate mkononi mwako. Aliyekulia uswahilini na vifaranga uani hahitaji kufundishwa tabia hiyo.

Sasa turudi kwenye lile geti la Chequers, maana hapo ndipo penye utamu wa nchi hii kwa mtembeaji. Karibu ardhi yote unayopita ina mwenyewe: mkulima, mfugaji, familia yenye jina kubwa. Unapita kwa haki, wala si kwa hisani. Njia nyingi zilianza kama zinavyoanza za kwetu, watu wakienda kanisani, sokoni, kusaga nafaka. Tofauti ni kwamba hapa ziliandikwa. Na haki ya kutembea haikuja bila kudaiwa. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wa viwandani waliingia kwa makusudi kwenye mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungiwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na watano wakafungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyoziagiza halmashauri kuchora ramani rasmi ya kila njia ya wananchi. Njia ikishaingia humo haifi kwa sababu tu watu wameacha kuipita, wala haipotei shamba likiuzwa. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia hizo.

Kwa hiyo mkulima akilima shamba lenye njia katikati, ana siku 14 za kuirudisha, isiyopungua upana wa mita moja, mimea isiizibe. Hata fahali ana kifungu chake: wa jamii ya ng'ombe wa maziwa, akishapita miezi kumi, haruhusiwi kuachwa kwenye shamba lenye njia, wa nyama anaruhusiwa, mradi awe pamoja na majike. Inaelekea aliyetunga sheria aliona kuwa fahali mwenye wake zake hana muda wa wapita njia.

Nimekutana na Waafrika wengi walioishi London miaka mingi bila kukanyaga shamba la Kiingereza, na sababu inayotajwa kwanza si baridi. Ni hofu ya mtu kutoka nyumbani na mbwa na kuuliza, "Wewe unatafuta nini hapa?" Hofu hiyo haikuzuka hewani. Rhiane Fatinikun alianzisha kundi la Black Girls Hike mwaka 2019 kwa sababu ya namna hiyo hiyo, wanawake weusi watembee pamoja. Lakini sheria ya njia haiulizi umezaliwa wapi, na jibu la yule mwenye mbwa liko kwenye nguzo: mshale wa njano ni njia ya waenda kwa miguu, wa buluu ni ya farasi na baiskeli pia, na tunda la mwaloni ni alama ya njia ya kitaifa kama Ridgeway.

Karibu na mwisho, kwenye kitongoji cha Cadsden, kuna baa ya Plough. Oktoba 2015 Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, alimleta Rais Xi Jinping wa China hapo, wakala samaki na chipsi na kunywa bia. Baada yake kuna mpando mmoja wa kukata pumzi, Whiteleaf Hill, wenye kaburi la watu wa zama za mawe, kisha unateremka hadi mjini.

Vaa viatu vya kushika ardhi, maana chaki ikilowa inateleza kama sabuni. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo anza mapema. Juni unaweza kutembea hadi saa tatu usiku. Chukua ramani ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000, ambayo njia za wananchi zimechorwa kwa vistari vya kijani. Ukikuta mahali ramani inasema pana njia lakini pamefungwa waya, usigombane na mwenye shamba. Piga picha, andika mahali penyewe, uwapelekee halmashauri. Kuifungua ni wajibu wao, hata kama aliyelalamika ni mgeni aliyeshuka na treni asubuhi hiyo.