Je, Wajua? Brakiopodi wa Mawe ya Chokaa ya Cincinnati

Brakiopodi ni mnyama wa baharini asiye na uti wa mgongo, ambaye mwili wake laini hukaa kati ya magamba mawili, na kwa sura ya nje hufanana mno na kome hata asiyemchunguza huwadhania kuwa ni ndugu. Kome, hata hivyo, ni moluska, ilhali brakiopodi wana faila yao wenyewe, yaani kundi kuu katika uainishaji wa wanyama. Spishi zao zilizo hai leo ni mia chache tu, lakini zile zinazojulikana kwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa miambani, zinazidi 12,000.

Visukuku hivyo vimejaa katika vilima vya Cincinnati, jimboni Ohio nchini Marekani, ambako matabaka ya mawe ya chokaa hupishana na matabaka ya mwamba laini uliotokana na tope. Matabaka hayo yalijengeka yapata miaka milioni 450 iliyopita, katika kipindi kiitwacho Odovisi, wakati eneo hilo lilipokuwa sakafu ya bahari ya kina kifupi kusini mwa ikweta.

Anayetaka kumtambua brakiopodi hutazama ulinganifu wa magamba yake. Gamba moja likigawanywa kwa mstari utokao kwenye bawaba, yaani kiungo kinachoyashikanisha magamba, hadi katikati ya ukingo wa mbele, nusu ya kulia hulingana na ya kushoto; lakini magamba yenyewe mawili hayalingani, kwani moja kwa kawaida huwa kubwa zaidi, na katika spishi nyingi lina tundu la kupitishia kikonyo kilichomshikiza mnyama mahali pamoja. Kwa kome mambo huwa kinyume, maana magamba yake mawili hufanana kama viganja vya mtu mmoja, ilhali kila gamba peke yake limeelemea upande.

Brakiopodi wawili wa Cincinnati huonyesha jinsi umbo lilivyofuata maisha. Rafinesquina, aliyepewa jina la mtaalamu wa viumbe Constantine Samuel Rafinesque, ana gamba jembamba la umbo la nusu duara, lililochorwa mistari myembamba inayotawanyika kutoka kwenye bawaba kama mikunjo ya kipepeo cha mkono. Vinlandostrophia, kinyume chake, ni mnene na mzito, mwenye matuta makubwa na bonde refu katikati ya gamba moja, ambamo huingia mwinuko wa gamba la pili. Mpindo huo ulisaidia kutenganisha maji safi yaliyoingia na yale yaliyokwisha kuchujwa na lofofori, kiungo chenye minyiri na vinyweleo vidogo mno vilivyosukuma maji na kunasa chembe za chakula.

Hata kifo kiliacha alama zake. Magamba ya kome hufunguliwa na kano inyumbukayo, hivyo mnyama akifa na misuli kulegea, hupanuka yenyewe. Ya brakiopodi hufunguliwa kwa misuli, kwa hiyo wengi wao hupatikana wakiwa wamefumba. Mahali pengine magamba ya Rafinesquina yamesimama wima, yakibanana kama sahani kwenye kichanja, kwa sababu mawimbi ya dhoruba yaliyazoa na kuyasukumiza pamoja.

Wingi huo, hata hivyo, usichukuliwe kuwa hesabu kamili ya wakazi wa bahari ile. Magamba ya brakiopodi hawa yalikuwa ya kalsaiti, aina ya madini ya chokaa iliyo imara, ilhali moluska wengi walijenga yao kwa aragonaiti, ambayo huyeyuka kwa urahisi zaidi na mara nyingi huacha mwamba ukiwa na chapa tupu. Kwa hiyo anayelipasua jiwe la Cincinnati akakuta brakiopodi wamejaa tele, hana budi kuzitafuta pia chapa hizo, kwa kuwa nazo ni za majirani walioishi nao.