Je, ingekuwaje Ufaransa ingeivamia Ubelgiji kwanza mwaka wa 1914?

SWALI la nani aliyeanza huonekana dogo vita vikishapamba moto. Hata hivyo, katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, swali hilo lilichangia pakubwa kuamua nani angepata marafiki na nani angewakosa.

Mnamo Agosti 4, 1914, majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, taifa dogo ambalo mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yameahidi, katika Mkataba wa London wa 1839, kutolihusisha katika vita vyao. Usiku huo huo, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Wasilolijua wengi ni kwamba Ufaransa nayo iliwahi kuimezea mate njia hiyo. Mwaka wa 1912, Jenerali Joseph Joffre alipendekeza kwamba vita vikizuka, majeshi yake yapitie Ubelgiji kuwakabili Wajerumani. Serikali ya Waziri Mkuu Raymond Poincaré ilimkatalia, ikihofia kupoteza urafiki wa Uingereza. Mnamo Julai 30, 1914, Ufaransa hata iliamuru vikosi vyake vikae kilomita 10 kutoka mpakani, ili dunia imtambue mchokozi.

Je, ingekuwaje lau Joffre angekubaliwa?

Mabadiliko ya kwanza yangeonekana London. Baraza la mawaziri la Herbert Asquith lilikuwa limegawanyika, na mawaziri wawili, John Morley na John Burns, walijiuzulu kwa kupinga vita. Uvamizi wa Ubelgiji ndio uliowaleta pamoja wengi wa waliokuwa wakisitasita. Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Edward Grey, alikuwa ameziuliza Ufaransa na Ujerumani iwapo zingeiheshimu Ubelgiji. Ufaransa iliahidi, Ujerumani ikakwepa jibu. Lau Wafaransa ndio wangevunja mkataba, Grey angekosa hoja yake kuu mbele ya Bunge.

Pili ni Italia. Mkataba wake na Ujerumani na Austria-Hungary uliitaka iisaidie Ujerumani endapo ingeshambuliwa na Ufaransa bila kuchokozwa. Mwaka wa 1914 Italia ilijitenga, ikisema vita hivyo havikuwa vya kujilinda, na mwaka uliofuata ikajiunga na upande wa Uingereza na Ufaransa. Ufaransa ingeanza, kisingizio hicho kingekuwa kigumu kupata.

Tatu ni Afrika Mashariki. Hapa vita vilikuja kwa sababu Uingereza na Ujerumani, zilizotawala pande mbili za mpaka mmoja, zilikuwa maadui Ulaya. Wajerumani waliitwaa Taveta Agosti 1914, na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck akaendeleza mapigano hadi Novemba 1918. Uingereza ingebaki kando, huenda Tanganyika isingeangukia mikononi mwake, na maelfu ya Waafrika waliofia safarini wakiwabebea wanajeshi mizigo wangerudi makwao. Majina ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam yametokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Hata hivyo, si busara kudhani kuwa amani ingedumu. Agosti 2, kabla ya Ubelgiji kuvamiwa, mawaziri wa Uingereza walikuwa wameahidi kuilinda pwani ya kaskazini ya Ufaransa dhidi ya manowari za Ujerumani. Tena, Uingereza haikutaka taifa moja liitawale Ulaya nzima. Pengine ingechelewa tu kuingia vitani. Lakini kuchelewa kwa majuma machache kungeweza kuigharimu Ufaransa mji wa Paris, kwani Septemba 1914 Wajerumani walizuiwa kwenye mto Marne, si mbali na mji huo.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Poincaré alitambua kwamba njia ya mkato ya jenerali ingeweza kuwa njia ndefu ya mwanadiplomasia. Wapagazi wa Afrika Mashariki, ambao hawakuulizwa lolote, ndio waliolipa sehemu ya gharama ya uamuzi uliopitishwa Ulaya.