Tabo Inayoamka Mapema: Rekodi za Upepo wa Kushindiliwa, Kutoka Katuruka hadi Muleba

Kwenye vijiwe vya madereva, kuanzia Rwamishenye hadi Muleba mjini, gari husifiwa kwa farasi. Lakini farasi ni hesabu ya kileleni, yaani injini imefika mizunguko ya juu, barabara imenyooka na mzigo ni mwepesi. Anayetoka Bukoba na shehena kuelekea Muleba, safari ya kama kilomita 70, hakutani na hali hiyo mara nyingi. Barabara inapanda mgongo wa kilima, inashuka kwenye bonde la mafunjo, inapanda tena, na katikati ya mpando kuna bodaboda inayochepuka bila ishara. Dereva huyo anataka nguvu inayofika pale mguu unapogusa mafuta. Kwa hiyo orodha hii ya rekodi haimtafuti bingwa wa nguvu. Inatafuta tabo inayoamka mapema, na kinachoifanya iamke.

Kwa asiyewahi kuifungua: tabo ni feni mbili juu ya shafti moja. Moshi wa injini unazungusha feni ya kwanza, na ya pili, iliyo upande wa pili wa shafti, inavuta hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaungua na nguvu inapanda. Kasoro yake ni kwamba injini iliyotulia hutoa moshi kidogo, hivyo feni hukawia kushika kasi. Dereva amekanyaga, mafuta yameingia, hewa bado haijafika. Ndipo Fuso iliyoelemewa inapotema moshi mweusi mwanzoni mwa mpando, kisha ikasafisha koo na kuondoka.

Kongwe kuliko tabo zote

Kushindilia hewa kwenye moto hakukuanzia kwenye injini. Tuanzie Katuruka, eneo la Maruku, karibu tu na Bukoba mjini. Mababu wa Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma huko na pwani ya Kemondo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi hao waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, ili upepo wa mivukuto upate joto ukiwa bado njiani, kabla haujakutana na makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu upepo huo ulipata joto kiasi gani. Mirija yenyewe haina ubishi, imechimbuliwa.

Fundi wa tabo anataka kinyume chake, hewa ya kuingia iwe baridi na moshi wa kutoka uwe wa moto. Hata hivyo kazi ya msingi ni ileile ya kuamua mrija uwe na urefu gani, upana gani na ukae wapi.

Za kwanza

Hapa tupite haraka, maana tarehe hizi zinajulikana. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza yake mwaka 1905. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, mita zaidi ya 4,000, akaonyesha kwamba tabo hurudisha nguvu inayoibwa na hewa nyepesi. Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifuata mwaka 1926, na injini zake zikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Lori la Saurer lilikuja mwaka 1938, na gari dogo la kwanza mwaka 1962, Marekani, ambako Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair zilitoka karibu pamoja.

Jaribio la Moss linatuhusu kuliko tunavyodhani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Injini isiyo na tabo huanza safari Bukoba ikiwa tayari imekatwa kodi. Ukipanda kwenda Karagwe inakatwa tena.

Kubwa kuliko zote, na zenye usingizi mzito

Meli ya makontena Emma Mærsk, iliyoanza kazi mwaka 2006, ina injini ya silinda 14 yenye uzito wa tani takriban 2,300 na nguvu ya karibu farasi 109,000. Tabo za injini za aina hiyo mtu anaweza kusimama kando yake akaonekana mfupi. Lakini injini inapowashwa, au inapokwenda polepole, tabo hizo kubwa haziwezi kuilisha peke yake. Feni za umeme huwekwa pembeni kuisukumia hewa mpaka moshi utoshe.

Sababu yake ni hesabu ambayo wanunuzi wengi wa tabo kubwa hawaambiwi dukani. Chukua feni mbili za umbo moja na chuma kimoja. Ya pili ikiwa na kipenyo mara 2 ya ile ya kwanza, ugumu wake wa kuanza kuzunguka hauwi mara 2, wala mara 4. Ni mara 32. Kuongeza kipenyo kidogo tu kunauzidisha usingizi kupita kiasi.

Kwenye vilima vyetu hiyo ndiyo rekodi ya kuogopwa. Nimesikia watu wakisifu tabo iliyotolewa kwenye lori la tani 10 na kufungwa kwenye Land Cruiser, eti inapiga filimbi vizuri. Filimbi inaanza mpando ukiwa umekwisha.

Namba yenye maana kuliko zote

Sasa tufike penye kiini. Hauzingi ya upande wa moshi, yaani ganda la chuma linaloifunika feni, imejikunja kama konokono. Kata njia yake mahali popote, pima eneo la tundu, kisha ligawe kwa umbali kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya tundu. Jibu ndilo A/R, namba inayopigwa kwenye chuma cha tabo nyingi: 0.48, 0.63, 0.82 na kuendelea. Namba ikiwa ndogo, njia ni finyu, moshi unapita kwa kasi na kuipiga feni kwa nguvu hata injini ikiwa mizunguko ya chini, na tabo inaamka mapema. Namba ikiwa kubwa, moshi unapita kwa raha, tabo inakawia, lakini juu kabisa injini inapumua.

Ufinyu una gharama. Injini ikipanda mizunguko, hauzingi finyu inauzuia moshi, mgandamizo unarudi nyuma kwenye silinda, na joto la moshi linapanda. Mwenye gari la mashindano ya barabara iliyonyooka atachukua namba kubwa. Mwenye Coaster ya abiria au gari la sangara kutoka mwaloni hahitaji kufikisha injini mizunguko 4,000. Achukue ndogo, na sioni sababu ya kujadiliana.

Njia nyingine ni hauzingi yenye matundu mawili. Moshi hautoki kwenye injini mfululizo, unatoka kwa mapigo. Mapigo ya silinda tofauti yakikutana kwenye bomba moja yanazimana. Kwa hiyo kwenye injini ya silinda 6, tatu za mbele hupewa njia yao na tatu za nyuma yao, na njia hizo hukutana kwenye feni tu. Toyota waliifunga hauzingi ya namna hiyo kwenye Celica GT-Four, na kwenye malori makubwa ya dizeli ni jambo la kawaida. Faida hiyo hupotea yote fundi anapofunga tabo ya matundu mawili juu ya menifodi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) yenye tundu moja, na kazi ya namna hiyo ipo.

Bingwa wa Safari Rally, na tabo yenye kelele kuliko zote

Afrika Mashariki ina ukurasa wake kwenye kitabu hiki. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikaa miaka 31 kabla gari la tabo halijaishinda. Lilikuwa Toyota Celica Twincam Turbo la Björn Waldegård, mwaka 1984. Juha Kankkunen akashinda nalo mwaka 1985, Waldegård akarudia 1986. Gari hilo la lita 2.1 lilikuwa na farasi zaidi ya 300 na liliendeshwa kwa magurudumu ya nyuma pekee. Waldegård alishinda tena mwaka 1990, kwa Celica nyingine ya tabo, akiwa na miaka 46. Rekodi yake ya mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote katika mashindano ya dunia ya rali ilidumu hadi 2022, Sébastien Loeb alipoivunja Monte Carlo.

Magari ya rali ndiyo pia yanayojulikana kwa dawa kali kuliko zote ya usingizi wa tabo, nayo ni kuruhusu mafuta yaungue ndani ya menifodi dereva anapoachia pedali, ili feni isipoteze kasi. Ile milio ya risasi unayoisikia kona inapokaribia ndiyo hiyo. Inafanya kazi, na inaitafuna tabo ndani ya muda mfupi. Kijana wa Bukoba aliyeiona kwenye simu na kutaka kuiweka kwenye Subaru ya nyumbani aandae kwanza bei ya tabo ya pili.

Zinazoamka haraka kuliko zote

Kwa fedha nyingi, usingizi huo sasa umekwisha kabisa. Volvo mwaka 2016 waliweka tangi la hewa la lita 2 linalopuliza kwenye menifodi pale dereva anapokanyaga. Mwaka huohuo Audi SQ7 ilikuja na feni ya umeme wa volti 48 inayofika mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Mercedes-AMG SL 43 ya mwaka 2022 iliweka mota ndani ya tabo yenyewe, juu ya shafti, mizunguko hadi 170,000. Wazo hilo lilitoka Formula 1, ambako mota ya namna hiyo ilitumika kuanzia 2014 hadi 2025.

Hizo tuziache huko. Yenye manufaa zaidi kwetu ni tabo yenye mapezi yanayosogea ndani ya hauzingi. Mapezi yanaifinya njia injini ikiwa chini na kuifungua ikipanda, ni kama kuwa na A/R ndogo na kubwa kwenye chuma kimoja. Hilux ya dizeli ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015, ile ya gia otomatiki, hutoa msukumo wake wote, nyutoni-mita 450, kuanzia mizunguko 1,600. Adui yake ni masizi. Gari linalokaa mjini siku zote, likizimwa na kuwashwa bila kupata joto, hukamatisha mapezi, na hapo lina hauzingi moja iliyoganda mahali pabaya.

Kwa kuamka mapema, katika Toyota za kazi taji langu linaenda kwa Land Cruiser 79 ya V8 dizeli ya mwaka 2007: nyutoni-mita 430 kuanzia mizunguko 1,200.

Isiyo na tabo, na inayopendwa kuliko zote

Injini yenye heshima kubwa kuliko nyingine kwenye barabara za vumbi za Kagera haina tabo hata moja. Ni 1HZ, silinda 6, lita 4.2, ile ya hardtop. Ndugu yake 1HD-T, yenye ukubwa uleule wa silinda, ilipewa tabo na Toyota mwaka 1990, na kwa vipimo vya Kijapani ilitoka farasi 135 za 1HZ hadi 165. Ndiyo maana wengi wanatamani kuifungia 1HZ tabo. Inawezekana, lakini 1HZ imeshindiliwa tayari kwa uwiano wa 22.4 kwa 1, wakati 1HD-T ni 18.6. Isipewe mgandamizo mkubwa, nusu ya baa inatosha, na kipimo cha joto la moshi kifungwe siku hiyohiyo, si baadaye.

Sasa ekzosi ya injini yenye tabo, ambako ndiko rekodi ya bei nafuu ilipo. Kabla ya tabo, njia iwe fupi, finyu kiasi na ya moto. Menifodi ya chuma cha kusubu inatunza joto vizuri kuliko mabomba marefu ya kuchomelea yanayong'aa, na moshi uliopoa husinyaa na kupunguza kasi. Baada ya tabo kanuni inageuka. Feni huzungushwa na tofauti ya mgandamizo kati ya kuingia na kutoka, kwa hiyo kila kinachozuia nyuma yake ni hasara. Yale maneno ya kwamba injini inahitaji kuzuiwa kidogo ekzosi ndipo ivute hayana nafasi kwenye injini ya tabo. Kwa lita 4.2, bomba la inchi 3 kuanzia kwenye tabo hadi nyuma, kona chache, mafla ya kupita moja kwa moja, na tabo ileile itaamka mapema kuliko jana.

Kabla hata ya bomba hilo, fungua boneti injini ikiwa baridi. Angalia masizi meusi kwenye kiungo cha menifodi na kichwa cha injini, na ufa kwenye menifodi yenyewe. Pitisha mkono kwenye mipira ya intakula, kile kipoza hewa, hasa ile iliyofungwa kwa vipande vya tyubu. Toa chujio la hewa ulitazame kama halijajaa vumbi jekundu. Moshi unaovuja kwenye menifodi haufiki kwenye feni, na hakuna hauzingi itakayoufidia. Wewe uliyekwisha kumpigia simu mtu wa soko la vipuri la Kiseka, Kampala, akutafutie tabo nyingine, mwambie asubiri. Nunua gasketi kwanza.