Sikukuu Isiyofunga Masomo

Tangu 1993 kusomesha watoto nyumbani kumekuwa halali katika majimbo yote 50 ya Marekani. Kwa baadhi ya familia zinazofanya hivyo, Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, huhamishia tu darasa jikoni.

Bata mzinga wa sikukuu hiyo, aliyeganda na mwenye kilo 6, huchukua siku tatu hivi kuyeyuka kwenye friji. Basi mtoto apige hesabu bata huyo aanze kuyeyushwa lini!

Historia ndiyo yenye utamu, na uchungu wake. Karamu ya mji wa Plymouth ya 1621, inayohusishwa na sikukuu hii, iliwakutanisha wahamiaji Waingereza na wenyeji wa asili, Wawampanoag. Lakini tangu 1970, wenyeji wa asili hukusanyika mjini humo Siku ya Shukrani kuomboleza. Mzazi makini hafichi hilo, hata mjadala ukichelewesha chakula.